Mabehewa ya makaa ya mawe ya Uingereza kwenye modeli ya TAZARA: je, yanafaa kubeba shaba?

Mwalimu wa Iyunga (Mbeya) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikijenga pamoja na wanafunzi wa klabu yetu modeli ya kipande cha reli ya TAZARA, ile inayotoka Dar es Salaam hadi Zambia, kuanzia Makambako, kupitia Uyole na Mbeya, hadi Tunduma. Nilianzisha kazi hii baada ya kugundua kwamba wanafunzi wangu, ambao wengine wanaishi hatua chache tu kutoka relini, wanajua kuwa reli hiyo ilijengwa kwa msaada wa Wachina, lakini wengi hawajui ilijengwa ibebe nini. Nataka wauone mzigo wa shaba ukipita mbele ya macho yao.

Mwezi uliopita binamu yangu anayeishi Uingereza alinitumia mabehewa sita ya modeli pamoja na reli zenye upana wa milimita 16.5. Boksi linasema skeli ni 1:76, yaani kila kipimo cha modeli ni sehemu moja ya 76 ya kipimo halisi. Ni mabehewa mafupi ya wazi, ya rangi ya kijivu, yenye magurudumu manne kila moja, na ubavuni yana mstari mweupe wa mshazari ambao sijaelewa maana yake. Mawili yalifika yakiwa yamepasuka mabodi, ingawa magurudumu yake ni mazima.

Naomba ushauri katika mambo matatu. Kwanza, je, ni sahihi kuyapaka rangi nyingine na kuyaandika TAZARA? Pili, mzigo wa shaba ndani ya behewa unapaswa kuonekanaje, kwa sababu wanafunzi wamependekeza tujaze kokoto zilizopakwa rangi ya shaba hadi juu? Tatu, mabehewa haya yanaruka nje ya reli kila yanapofika kwenye kona, nami sijui kama tatizo ni reli au ni mabehewa yenyewe.

Natanguliza shukrani.

Mpenzi wa Reli (Iringa) amejibu:

Mwalimu, hongera sana kwa kazi hiyo. Nimefuatilia mabehewa ya madini kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu.

Hayo uliyopokea ni mfano wa behewa la madini la tani 16 la reli za Uingereza. Kabla yake, makaa ya mawe ya nchi ile yalibebwa kwa mabehewa ya mbao, mara nyingi yenye mbao saba zilizopangwa moja juu ya nyingine kila ubavu, na mengi yalikuwa mali ya migodi na wauza makaa, kila mmoja akiandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali iliyakusanya yatumike kwa pamoja, na reli zilipotaifishwa mwaka 1948 kazi ya kuyaondoa na kuweka ya chuma ilikuwa tayari imeanza. Yalitengenezwa zaidi ya 200,000. Urefu wa fremu ulikuwa futi 16 na nusu, yaani mita 5 na kidogo, na kutoka ekseli moja (chuma kinachounganisha magurudumu mawili) hadi nyingine ni futi 9. Ukilipima lako kwa rula utapata milimita 66 na milimita 36, na ndiyo hesabu sahihi ya skeli yake.

Unaweza kujiuliza kwa nini nchi yenye viwanda vikubwa iliendelea kutumia kibehewa kifupi namna hiyo. Sababu ni kwamba migodi na bandari zake zilikuwa na kona kali, meza za kugeuzia mabehewa na mitambo ya kupakia na kupakua iliyojengwa zamani kwa ajili ya mabehewa mafupi, hivyo kurefusha behewa kungelazimu kujenga upya kila mgodi na kila gati. Huo mstari mweupe nao unatoka hukohuko bandarini. Baadhi ya mabehewa yalikuwa na mlango upande mmoja wa mwisho, na gatini behewa zima liliinuliwa na kuinamishwa ili makaa yamwagike melini kupitia mlango huo. Mstari unapanda kuelekea upande wenye mlango, ili mfanyakazi ajue kwa mbali behewa lielekezwe wapi. Ukiuandika ubavuni mwa behewa la TAZARA, unaandika habari ya gati ambalo halikuwahi kuwepo Dar es Salaam.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana, usiyapake rangi. Umbo lote la behewa hilo ni jibu la swali la makaa ya mawe, wala si la shaba. Hata Waingereza wenyewe hawakulitumia kwa kila kitu: kwa mawe yenye madini ya chuma, ambayo ni mazito kuliko makaa, walitengeneza behewa jingine la tani 27 lenye fremu ya urefu uleule lakini kuta fupi zaidi, tena bila mlango wowote, kwa sababu lilipakuliwa kwa kupinduliwa lote na mtambo.

Kuna pia suala la upana wa reli. TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Reli zako za milimita 16.5 katika skeli ya 1:76 zinawakilisha upana wa milimita 1,254, ambao si wa TAZARA, si wa Reli ya Kati yenye milimita 1,000, na si wa Uingereza yenyewe yenye 1,435. Lakini usizitupe reli hizo, kwa sababu ukijenga katika skeli ya 1:64, milimita 16.5 zinawakilisha milimita 1,056, yaani tofauti na TAZARA ni milimita 11 tu. Wapenzi wa modeli wa New Zealand, ambako reli zina upana uleule wa TAZARA, wametumia njia hiyo kwa miaka mingi. Reli ulizo nazo zinakufaa kabisa, ila mabehewa ndiyo mtakayojenga wenyewe. Msiyachanganye na haya ya 1:76 kwenye treni moja, maana mtu mwenye urefu wa mita 1.7 atakuwa milimita 22 upande mmoja na karibu milimita 27 upande mwingine, na jicho la mwanafunzi litaona kasoro hata kama hataweza kuieleza.

Mstaafu wa Makambako amejibu:

Mwalimu, nimefanya kazi katika yadi ya reli kwa miaka mingi, na shaba nimeiona kwa macho yangu. Naomba uwaambie wanafunzi wako waache hizo kokoto.

Shaba iliyopita hapa haikuwa mawe. Mawe yenye shaba yalisagwa na kuyeyushwa hukohuko Zambia, katika Ukanda wa Shaba, na kilichoteremka kuelekea bandarini kilikuwa shaba safi, mabamba mekundu ya mraba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, robota juu ya robota. Mtu asiyejua angetazama behewa kwa mbali na kudhani ni tupu, kwa sababu mzigo haukupanda juu. Ukisogea karibu ndipo unaziona springi zimebanwa kabisa. Kijana mmoja mgeni niliyempokea kazini aliniuliza kwa nini tunaondoa behewa ambalo halijajaa. Nilimpeleka kwenye springi na hakuuliza tena.

Jambo la pili ni viunganishi. Mabehewa ya Kiingereza yana ndoana na mnyororo katikati, na vizuizi viwili vya duara kila upande wa mwisho vya kupokea msukumo. Yetu hayana vile vizuizi vya pembeni, bali yana kiunganishi kimoja kikubwa katikati, kama ngumi mbili zinazoshikana, ambacho hujifunga chenyewe mabehewa yanapogusana. Mwalimu, ukikosea hapo, kila mfanyakazi wa reli atakayekuja kuona maonyesho yenu ataliona kosa hilo kwanza.

Vilevile yetu ni marefu na yana bogi mbili, yaani vigari viwili vinavyogeuka chini ya behewa, kila kimoja kikiwa na ekseli mbili. Ombeni kibali kwa mkuu wa stesheni kabla ya kupima au kupiga picha. Mkieleza kuwa ni kazi ya shule, naamini mtasikilizwa. Mkipata nafasi, someni namba zilizoandikwa ubavuni, kwa maana uzito wa behewa tupu na uzito linaoruhusiwa kubeba vimeandikwa pale, na hizo ndizo namba za kuanzia.

Mpenzi wa Reli (Iringa) ameongeza:

Shikamoo mzee. Maneno yako yamenifanya nichukue kalamu na kupiga hesabu, nami nadhani hesabu hii itamfaa mwalimu darasani.

Tuchukue, kwa mfano tu, behewa linalobeba tani 50 na lenye sakafu ya mita 12 kwa mita 2.5, yaani mita za mraba 30. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9, hivyo tani 50 za shaba ni mita za ujazo 5.6 tu. Ukizitandaza sawasawa kwenye sakafu hiyo, kina chake hakifiki sentimita 19. Makaa ya mawe yaliyovunjwa, pamoja na nafasi zilizo kati ya mabonge, yana uzito wa karibu tani 0.8 kwa mita ya ujazo, hivyo tani 50 za makaa zinahitaji mita za ujazo zaidi ya 62, na kina chake kinapita mita 2. Behewa ni lilelile na uzito ni uleule, lakini mzigo mmoja unafika juu ya kifundo cha mguu na mwingine unamfunika mtu mzima. Katika skeli ya 1:64, shaba itakuwa na kina cha milimita 3 na makaa milimita 32. Kwa kuwa mabamba hupangwa kwa marobota, si kutandazwa, robota moja la mita moja kwa mita moja lenye tani 2.5 litakuwa na kimo cha sentimita 28. Marobota 20 yanatosha kulimaliza behewa, na bado utaiona sakafu kati yake.

Fundi Mbao (Mafinga) amejibu:

Mwalimu, mimi nitajibu la tatu, kisha nieleze namna ya kujenga.

Mabehewa yako yanaruka kwa sababu ni mepesi na kwa sababu fremu zake hazinyumbuki hata kidogo. Kuhusu uzito, kanuni niliyoizoea ni gramu 25 kwa kila ekseli, kwa hiyo behewa la ekseli mbili lisipungue gramu 50. Bandika nati za chuma chini ya sakafu, katikati ya ekseli, na ziwe chini kadiri inavyowezekana. Nakuomba usitumie risasi ya betri za zamani, ingawa ni nzito na inapatikana kwa urahisi, kwa sababu ni sumu na wanaoshika ni watoto. Pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli hizo iwe karibu milimita 14.5. Gurudumu likiwa limesogea ndani au nje, hakuna uzito utakaolisaidia.

Kuhusu kunyumbuka, fikiria stuli ya miguu minne kwenye sakafu ya udongo, jinsi inavyoyumba, kisha fikiria sufuria juu ya mafiga matatu. Mafiga hayayumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Behewa nalo litendee hivyo: ekseli moja iwe imara, na nyingine iruhusiwe kucheza kidogo juu na chini kwenye ncha yake, ili behewa likae juu ya nukta tatu. Kwenye behewa la bogi mbili kazi ni rahisi zaidi. Bogi moja uifunge kwa skrubu iweze kugeuka tu bila kuyumba, na ya pili uilegeze iweze kugeuka na kuyumba pia. Nimejenga mabehewa kumi na moja kwa namna hiyo, na yanapita hata pale ambapo ubao wangu umepinda.

Ubao nao unapinda kweli, nikisema hivyo kama mtu ninayeishi kwa mbao. Paini ya Sao Hill ni nzuri kwa fremu ya meza, lakini ikiwa haijakauka vizuri, ikifika Machi baada ya miezi ya mvua utakuta reli zimenyanyuka. Tumia plaiwudi kwa uso wa meza, paka vanishi pande zote mbili pamoja na kingo, na uunge fremu kwa skrubu badala ya misumari. Mteremko usizidi sentimita 2 kwa kila mita.

Bodi la behewa la 1:64 litengeneze kwa plaiwudi nyembamba au kadibodi ngumu iliyopakwa vanishi. Urefu wa mita 12 ni milimita 187, na upana wa mita 2.5 ni milimita 39. Magurudumu unayo tayari. Hayo ya mabehewa ya Kiingereza yana kipenyo cha milimita 12.5, ambacho katika skeli ya 1:64 ni milimita 800, kipimo kisicho mbali na cha behewa la mizigo la kawaida. Mabehewa sita yana ekseli kumi na mbili, nazo zinatosha mabehewa matatu ya bogi. Mimi ningeyavunja yote sita.

Mpenzi wa Reli (Iringa) amejibu:

Ndugu yangu Fundi, hapo siwezi kukubaliana nawe. Ujuzi wako nauheshimu, lakini mabehewa manne mazima ni somo tosha. Mwanafunzi akiweka behewa la makaa la Uingereza mkono mmoja na behewa la shaba la TAZARA mkono mwingine, ataelewa kwa dakika moja jambo ambalo mimi nimeliandika kwa aya tano. Yavunjwe mawili yaliyopasuka, na manne yabaki kama yalivyo.

Mkazi wa Tukuyu amejibu:

Kwa ajili ya mzigo wa hayo manne, msinunue kitu. Chukueni bonge moja la makaa ya mawe ya Kiwira, lifungeni ndani ya kitambaa kizito, liponde kwa nyundo, kisha chekecheni mara mbili: kwanza kwa chekeche la unga kuondoa vumbi, halafu kwa wavu wenye matundu mapana zaidi kuondoa mabonge makubwa. Vipande vya milimita 2 katika skeli ya 1:76 ni mabonge ya sentimita 15, na hivyo ndivyo yanavyopaswa kuonekana. Wekeni kipande cha sponji chini ili msitumie makaa mengi, mwagieni juu gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, kisha acheni yakauke kwa siku mbili. Makaa halisi hung'aa kwa namna ambayo rangi nyeusi haiwezi kuiga. Fanyieni kazi nje, maana vumbi lake si zuri kifuani.

Fundi Mbao (Mafinga) ameongeza:

Nimekubali, yavunjwe mawili. Kuhusu shaba yenyewe, nendeni kwa fundi wa mafriji mwombe vipande vya mabomba. Bomba la robo inchi lina mzingo wa karibu milimita 20. Likichanwa kwa urefu na kunyooshwa, linatoa utepe ambao mnaupunguza kwa mkasi wa bati hadi milimita 15.6, kipimo cha bamba la mita moja. Kwanza lipasheni moto hadi liwe jekundu na kulitumbukiza kwenye maji, kwa sababu shaba, tofauti na chuma, hulainika kwa namna hiyo, na mtaweza kuinyoosha kwa nyundo ya mbao bila kuipasua. Mwalimu, kazi ya moto uifanye wewe mwenyewe, wala usinunue shaba kwa mtu asiyeweza kueleza ameitoa wapi, kwa kuwa tunajua nyaya na vifaa vya reli vinavyoibiwa.

Nimepiga hesabu pia. Tani 50 katika skeli ya 1:64, ambapo unagawanya kwa 64 mara tatu, ni karibu gramu 190. Marobota 20 ya shaba halisi yatalipa behewa lenu uzito huo bila nati hata moja, zaidi ya gramu 100 ambazo ekseli nne zinahitaji. Likirudi tupu ndipo litakuwa jepesi, kwa hiyo sakafu iwe ya bati.

Mwalimu wa Iyunga (Mbeya) amejibu:

Ndugu zangu, nawashukuru sana, na kwako mzee wa Makambako, shikamoo.

Jumamosi tulipata kibali, tukapima behewa moja la wazi kwa futikamba mbele ya mfanyakazi wa stesheni, na wanafunzi wakanakili namba zote za ubavuni kwenye madaftari yao. Jumapili tuliyavunja yale mawili yaliyopasuka. Ekseli zake nne zimetosha behewa moja kamili la bogi, ambalo bodi lake ni la plaiwudi na sakafu yake ni ya bati la kopo la mafuta. Bogi ya mbele tumeilegeza kama mafiga, na limepita kona zote mara ishirini bila kuruka.

Marobota ya shaba tumemaliza saba. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alilishika behewa likiwa na marobota hayo saba, akatazama ndani, akaniuliza kwa nini ni zito hivyo wakati halijajaa. Nilimpa kalamu na ile hesabu ya sakafu ya mita za mraba 30, naye aliirudia ubaoni siku iliyofuata mbele ya wenzake, akianza na shaba na kumalizia na makaa.

Yale manne yamebaki na rangi yake ya kijivu na mstari wake mweupe, kwenye ubao mfupi uliotengwa pembeni, na makaa ya Kiwira yanakauka ndani yake tangu jana. Mzee, kiunganishi cha ngumi bado kinatushinda kukichonga kwa ukubwa huo. Nitaweka picha ya jaribio letu la tatu kesho jioni, nami nakuomba utuonyeshe palipokosewa.